Moja Kushoto, Mbili Kulia

Daraja lilikuwa limekwenda na maji tangu mchana. Mpima Macho alilijua hilo pale tu alipokuta magari matatu yamezima injini, na madereva wao wamekaa kwenye nyasi wakitazama mto kama watu wanaotazama msiba.

"Mpaka kesho, mzee," alisema mfanyakazi wa barabara, akijifuta matope kwenye suruali. "Katapila likifika asubuhi, labda mchana utapita."

"Na mtandao? Hapa unapatikana?"

Mfanyakazi akacheka. "Hapa? Hapa hata redio inanong'ona." Kisha akauona uso wa mzee, akaacha kucheka. "Rudi kule juu kilimani ulikotoka. Kuna uwanja wa kuegesha malori. Ukisimama pale unaiona taa nyekundu ya mnara, ng'ambo ya bonde. Wenye bahati wanapata vistari viwili vya mtandao."

"Nina antena kwenye paa."

"Basi wewe una bahati tayari."

Ilikuwa saa kumi na mbili kasorobo jioni. Binti yake alikuwa aingizwe chumba cha upasuaji saa moja kamili.

Mpima Macho aligeuza gari.

Lilikuwa basi dogo kuukuu. Yeye na mkewe waliling'oa viti vyote, wakaweka kitanda, jiko la gesi, kabati la fremu za miwani na meza ya kukunja. Ukutani, nyuma ya meza, walibandika bango la herufi, kubwa juu na ndogo chini. Kwa miaka kumi na miwili hiyo ndiyo iliyokuwa nyumba yao na kazi yao. Walikwenda mji hadi mji wakipima watu macho, na kila jioni vipimo vilitumwa kwa intaneti mjini, ambako lenzi zilikatwa. Bila mtandao hapakuwa na miwani. Ndiyo maana kila jioni, kabla ya kula, antena ilipandishwa.

Kazi ile ilitaka watu wawili. Rauta yao ilikuwa ya zamani, yenye taa tano ndogo za kijani, na ilikaa ndani, kando ya kitanda. Aliyekuwa juu ya paa akizungusha mlingoti hakuweza kuziona taa. Aliyeziona taa alikuwa ndani, na huyo alikuwa mkewe. Lakini mkewe alikuwa na pumu, hakuwa mtu wa kupaza sauti. Basi alichukua mwiko wa mbao, akagonga dari.

Ngo moja, kushoto.

Mbili, kulia.

Tatu, hapo hapo, kaza.

Na nne... nne ilikuwa ya mapenzi tu. Shuka, chai tayari.

Lugha hiyo waliijua watu watatu duniani, yaani yeye, mkewe na binti yao. Na sasa walibaki wawili.

Miezi mitano iliyopita mkewe alikwenda hospitali ya mjini kwa ajili ya kifua. "Wiki moja tu, Dereva," alimwambia. Hakuwahi kumwita jina lingine. "Wewe malizia hicho kijiji cha mwisho, watu wanasubiri." Akabaki kumalizia. Siku ya kwanza alipanda paani peke yake, akazungusha, akashuka kutazama taa, akapanda tena, mpaka goti likamkataa. Akajiambia, kesho. Siku ya pili akajiambia vivyo hivyo. Siku ya tatu alipofika barabara ya lami, simu ilianza kutetemeka mfukoni mwake na haikuacha. Alikuwa amepigiwa mara kumi na tisa.

Alifika akakuta udongo ungali mbichi.

Binti yake hakumlaumu. Alisema jambo moja tu, na lingekuwa afadhali kama angemtukana. "Bosi, mama alikuwa anauliza kama umepatikana."

Leo asubuhi daktari alikuwa amesema mapigo ya mtoto tumboni hayaridhishi, hawawezi kungoja wiki nyingine, watampasua jioni. Binti alimpigia akiwa anacheka cheka, kama anavyofanya akiogopa. "Njoo, Bosi. Na ukichelewa njiani, nipigie kabla hawajanilaza. Tusali pamoja, unipe baraka yako. Tafadhali usiniambie habari za mtandao."

Aliapa kwa Mungu.

*

Uwanja wa malori ulikuwa mtupu. Changarawe, pipa la taka lililopinduka, ukimya. Ng'ambo ya bonde, taa nyekundu ya mnara iliwaka na kuzima, kama jicho la mgonjwa.

Alipanda ngazi ya nyuma ya gari. Alilegeza nati ya mlingoti, akaielekeza antena kwenye ile taa, akashuka.

Hakuna taa hata moja.

Alipanda tena. Akazungusha kidogo kulia, akashuka.

Moja. Ikazimika akiitazama.

Alipanda mara ya tatu, goti likilia kama bawaba. Upepo ulikuwa umeanza. Alishuka. Hakuna. Saa kumi na mbili na dakika ishirini na tano.

Alipiga magoti pale pale kati ya kitanda na jiko, akamwomba Mungu. Alipanda. Akashuka. Hakuna. Akamwomba tena, kwa sauti. Akapanda, akashuka... taa moja, na simu ilipojaribu kupiga, ikazunguka, ikazunguka, ikakata. Mara ya tatu alisali akiwa ngazini, kipaji cha uso kikiwa kimegusa bati la baridi. "Mungu wangu, si kwa ajili yangu."

Upepo tu.

Alikuwa mtu wa dini tangu utotoni. Alijua vizuri kwamba walio hai humwomba Mungu, na waliokufa huombewa, hawaombwi. Hayo alifundishwa, na hayo aliwafundisha wengine. Lakini ilikuwa saa moja kasoro dakika ishirini, giza lilikuwa limeshuka, naye alikuwa juu ya paa tena, ameshika mlingoti.

"Mama Watoto," alisema. Sauti yake haikuwa kubwa. "Nisaidie. Nigongee."

Upepo ukakatika.

Ulikatika mara moja, kama mlango uliofungwa.

Halafu, chini ya nyayo zake, ndani ya gari...

Ngo.

Alisimama kama mti. Labda ni bati linapoa. Labda ni sufuria imeanguka.

Ngo.

Mikono yake ilitangulia kabla ya akili. Miaka kumi na miwili, kila jioni. Akazungusha kushoto.

Ngo.

Kushoto tena. Antena ikaiacha taa nyekundu, ikaelekea kwenye giza la bonde.

"Mnara uko kulia," alinong'ona.

Ngo. Safari hii kwa nguvu. Alilihisi pigo hilo kwenye mifupa ya miguu.

Akazungusha. Akaendelea kuzungusha. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. Kulikuwa na harufu inapanda kupitia tundu la hewa la paa, harufu kali ya ile dawa ya mnanaa ambayo mkewe alijisugua kifuani kila usiku. Mkebe wa dawa ile alikuwa ameutupa yeye mwenyewe, miezi mitano iliyopita.

Ngo, ngo, ngo.

Hapo hapo. Kaza.

Akakaza.

*

Ndani hapakuwa na mtu. Mwiko ulikuwa kwenye msumari wake, juu ya jiko.

Ulikuwa unayumba.

Taa zote tano ziliwaka, kijani kibichi, bila kupepesa. Kwa miaka kumi na miwili hakuwahi kuona zote tano.

Aliketi mezani, akashika simu. Hakukumbuka kubonyeza. Hakusikia mlio wa kuita. Uso wa binti yake ulikuwa tayari kwenye kioo, safi kuliko picha, hauchezi wala haukwami. Alivaa vazi la hospitali. Nyuma yake kulikuwa kweupe. Kweupe tu, bila dirisha, bila pazia, bila kona.

"Umepatikana," alisema.

"Nimepatikana, mwanangu! Nimepatikana..." Alilia kama mtoto. "Wamekulaza? Mume wako yuko wapi?"

"Yuko nje. Tuko wenyewe."

"Tusali basi. Tusali haraka."

"Hakuna muda wa sala." Alitabasamu. "Nipe ruhusa tu, niende."

Mpima Macho alifuta uso kwa kiganja. Naam, mtoto mwenye adabu huomba ruhusa. "Nenda, mwanangu. Nimekuruhusu."

"Sema tena. Sema mara tatu."

"Nenda, mwanangu. Nimekuruhusu."

Uso ule ukasogea karibu. Ulimtazama, kisha ukatazama nyuma yake, kisha ukamtazama tena. Macho yalikuwa makubwa, wazi, matulivu.

Na hapo ndipo kazi yake ya miaka mingi ilipomgusa bega.

Binti yake hakuwa amevaa miwani.

Hilo lenyewe lilikuwa la kawaida, maana wanaoingia kupasuliwa huvuliwa vitu. Lakini macho yale aliyapima yeye mwenyewe tangu binti ana miaka sita. Alijua namba ya kila jicho kama anavyojua jina lake. Bila miwani, binti yake hakuweza kutofautisha mtu na mlango. Alikunja uso, alibana kope, alinyoosha shingo kama kobe, na nyumbani walimcheka kwa hilo. Macho haya hayakukunja chochote.

"Miwani yako iko wapi?" aliuliza.

"Wamenivua."

"Unaniona?"

"Nakuona. Umevaa sweta ya kahawia. Kifungo cha pili hakipo."

Nyuma yake, ukutani, hatua mbili, kulikuwa na bango la herufi. Akasema maneno aliyokwisha kuwaambia maelfu ya watu, polepole, kama anavyowaambia wote.

"Soma mstari wa chini."

Macho yalipita juu ya bega lake. Kisha sauti, tulivu, bila kukosea:

"P. E. Z. O. L. C. F. T. D."

Mstari ule hata yeye hakuweza kuusoma bila kuukaribia.

"Sasa sema ya tatu," uso ulisema. "Muda unakwisha, Dereva."

*Dereva.*

Alijirusha kwenye ukuta, akang'oa waya wa rauta. Taa tano zikafa kwa pamoja.

Uso haukufa.

Ulibaki kwenye kioo, ukimtazama, midomo ikicheza bila sauti. Aliitupa simu kitandani kifudifudi, akaifunika kwa mto, akaukalia mto. Alijaribu kusali na hakukumbuka neno hata moja, hata lile la kwanza.

Halafu akasikia hatua.

Juu. Kwenye paa.

Hatua za mtu asiye na haraka. Zilitoka nyuma ya gari, zikapita juu ya jiko, zikapita juu ya kichwa chake, zikasimama kwenye mlingoti.

Kriii...

Nati ililegezwa. Kisha kimya. Kimya cha mtu anayengoja.

Alikaa akisikiliza pumzi. Si yake. Ilikuwa juu ya bati, nyembamba, yenye mluzi, pumzi aliyolala nayo ubavuni miaka thelathini na moja. Aliyekuwa paani alikuwa anangoja kuelekezwa. Yeye sasa ndiye alikuwa ndani.

Saa moja kasoro dakika nane.

Hakuna ajuaye alichofikiri Mpima Macho wakati ule. Pengine hakufikiri. Alinyanyuka, akarudisha waya wa rauta ukutani, akauchukua mwiko kutoka kwenye msumari. Mshikio wake ulikuwa na joto, kama kitu kilichotoka mkononi mwa mtu.

Akagonga dari.

Ngo, ngo.

Kulia.

Kriii... Mlingoti ukazunguka.

"Nisamehe," alisema akitazama dari. "Mama Watoto, nisamehe. Nilipaswa kupanda siku ya kwanza mpaka goti livunjike. Lakini huyu niachie."

Ngo, ngo.

Kriii... Taratibu sasa, kwa shingo upande.

Ngo, ngo.

Taa moja ikawaka. Mbili. Zikapepesa kama taa za kawaida, hafifu, za kweli.

Ngo, ngo, ngo.

Kaza.

Alisikia nati ikikazwa. Ikakazwa vizuri, kama alivyokaza yeye siku zote. Kisha pumzi ile ikasogea ikawa juu ya kichwa chake kabisa, ikatulia pale. Alijua inangoja nini. Baada ya tatu huja nne. Shuka, chai tayari. Mkono ulioshika mwiko ulikuwa bado hewani, na kwa miaka yote ile nyumba ile haikuwahi kunyimwa pigo la nne.

Aliurudisha mwiko chini. Akauweka kwenye droo. Akafunga droo kwa ufunguo.

Chini ya mto, simu ikaanza kutetemeka.

*

"Baba, uko wapi?" Alikuwa mkwe wake, sauti imepasuka. "Nimekupigia wee, nimekupigia... Walimwingiza mapema, saa kumi na mbili na nusu. Hali ilibadilika ghafla. Alikuita mpaka mlangoni."

"Sema, mwanangu. Sema tu."

"Mtoto yuko salama, wa kike. Mama yake... moyo ulisimama, Baba. Wakaurudisha. Baada ya dakika ukasimama tena, wakaurudisha. Ulisimama mara mbili. Daktari amesema ungesimama mara ya tatu, asingekuwa na la kufanya."

Mpima Macho alihesabu kwa vidole ruhusa alizotoa. Mbili.

"Baba? Unanisikia? Mtandao wako mbovu."

"Nakusikia," alisema.

Hakutoka nje mpaka palipopambazuka. Alipopanda ngazi, aliikuta antena imetazama mnara, nati imekazwa sawasawa. Kwenye vumbi la paa kulikuwa na alama za viatu vyake mwenyewe, na hapakuwa na nyingine. Ila mlingoti ulikuwa na mkwaruzo mpya, ulioonyesha ulikokuwa umeelekea jioni, kabla ya kurudishwa. Aliufuata kwa macho. Kushoto, kushoto, hadi bondeni ambako hapakuwa na mnara wala nyumba. Na mkono wa antena ulikuwa umepinda. Jioni ile alikuwa ameizungusha tu. Hakuwahi kuiinamisha. Lakini mahali ulipopindia palionyesha wazi kwamba, taa zote tano zilipowaka, pua ya antena ilikuwa imetazama chini.

Ardhini.

*

Shemeji yake, dada mkubwa wa marehemu, ndiye aliyempa kipande kilichobaki. Walikuwa wamekaa kwenye benchi la wodi ya wazazi, siku ya nne. Aliongea polepole, akikunja na kukunjua leso.

"Sikukuambia, shemeji. Niliona una mzigo wa kutosha. Siku ile ya mwisho alichukua kijiko, akawa anagonga chuma cha kitanda. Anagonga mara moja, anatulia, anasikiliza. Anagonga tena mara moja. Usiku kucha. Wauguzi wakasema ni homa. Wewe unajua alitaka nini?"

"Kushoto," alisema Mpima Macho.

"Nini?"

"Alikuwa ananitafuta."

Shemeji alimtazama kwa muda mrefu, akamshika mkono. Hakuuliza zaidi. Wala yeye hakumwambia lile lililomla: kwamba huenda hakuwa mkewe kabisa, huenda ni kitu kilichosikia kijiko kile gizani kikajifunza. Au kwamba alikuwa mkewe hasa, amechoka kuwa peke yake huko aliko, na akaomba mwenzake kwa adabu, kwa ruhusa ya baba mtu. Alisali juu ya mambo yote mawili. Hakujua lipi limtie hofu zaidi.

Binti naye alipopata nguvu alicheka cheka tena. "Bosi, nusu kaputi ina vituko. Nilimwona mama mlangoni. Ananiambia, twende, baba yako ameshakuruhusu. Nikamwambia, mama, subiri kwanza nivae miwani, nisije nikamfuata mtu nisiyemjua. Nikaitafuta, nikaitafuta... Akakasirika, akaondoka."

Mume wake alicheka. Shemeji alicheka. Mpima Macho alitoka nje kwenye ukumbi, akashika ukuta.

Gari hajaliuza. Nani atamuuzia mtu kitu kama kile? Liko nyuma ya nyumba ya binti yake, antena imelazwa, droo imefungwa, ufunguo ameutupa chooni. Anapima macho kwenye chumba cha kupanga sasa, na mjini mtandao umejaa tele, hakuna haja ya kupanda popote. Mjukuu ana miezi saba. Mambo yanakwenda.

Kuna jambo moja tu ambalo watu wa nyumbani wamelizoea na hawalielewi.

Kila asubuhi binti yake husimama mlangoni, mkoba begani, mtoto mgongoni, miwani puani. Ni mtoto aliyelelewa vizuri, hatoki bila kuaga.

"Haya Bosi, naomba ruhusa. Niende?"

Mzee huinama kwenye kikombe chake. Huwa hajibu.

"Jamani, baba! Neno moja tu linakushinda? Sema nenda, basi."

Naye hutazama dari, ambayo ni ya mbao, na nyumba haina ghorofa. Hukaza meno. Hungoja mpaka asikie hatua za binti yake zimefika mbali barabarani, ndipo aanze kupumua.

Na dari nayo hungoja pamoja naye.